Kadi ya Kitabu cha Mizuka

Saa kumi alasiri ilimkuta Chiriku karoni, povu limempanda hadi viwiko. Mama yake, dobi wa hospitali, alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa hoi. Kwa hiyo kuosha vyombo, kupika na kumwogesha mdogo wake zilikuwa kazi za Chiriku. Wenzake wa darasa la sita walimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Wiki hizo, hata mdomo ulikuwa umechoka.

Maktaba ya shule yao ilikuwa na utaratibu wake. Msomaji wa kwanza wa kitabu kipya aliandika maoni kwenye kadi, na kadi ikabandikwa ndani ya jalada. Safari hii zamu ilimwangukia Chiriku, akapewa riwaya nene kuhusu familia iliyohamia nyumba yenye mizuka. Aliisoma jikoni, sufuria ikichemka, macho yakijifumba yenyewe.

Mwanzo ulimshika barabara. Nyayo zilipotembea juu ya dari, Chiriku naye alitazama dari lao. Katikati alichoshwa, kila ukurasa mlango unagongwa, mtu anapiga yowe, basi. Kisha ikaja sura ya mtoto aliyekufa, akimwita mama yake kutoka nyuma ya ukuta. Hapo alilia mpaka ugali ukaungua. Mwisho nao ulimuudhi, kwa maana mwandishi alimaliza mambo yote mbiombio, kama mtu anayekimbia mvua. Je, alikipenda kitabu? Hata mwenyewe hakujua.

"Chiriku, kadi iko wapi?" mwalimu wa maktaba alimuuliza asubuhi. "Wenzako wanakingoja kitabu."

Kichwa kilikuwa kizito. Akaandika upesi: "Kitabu kizuri sana! Kinasisimua. Usikose." Akaitua kazi kama mzigo wa kuni.

Aliyekichukua alikuwa jirani yake wa dawati, msichana mpole waliyemwita Taratibu. Mwaka uliopita Taratibu alifiwa na mdogo wake kwa homa. Chiriku alipoona kitabu kikiingia kwenye mkoba wake, aliikumbuka sura ya mtoto aliyekufa. Alitaka kusema, lakini aseme nini? Si ameshaandika? Akanyamaza.

Siku ya tatu dawati likawa na mtu mmoja. Siku ya nne vilevile. Baada ya masomo Chiriku alipita kwa kina Taratibu, akamkuta shangazi mtu akishona mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio hatoki chumbani, chakula hagusi. Kisa kitabu! Eti kuna mtoto marehemu anamwita mama yake. Na ndani wameandika ni kizuri, usikose. Aliyeandika hivyo alikisoma kweli?"

Chiriku aliaga bila kuingia.

Jioni, mama alipokuwa ametia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, Chiriku alimweleza yote.

"Kwani wewe ulikipenda au hukukipenda?" mama aliuliza.

"Vyote viwili, Mama."

"Mbona hukuandika vyote viwili?"

"Nilikuwa nimechoka."

Mama alitazama viganja vyake vilivyopasuka kwa sabuni. "Mimi nachoka kila siku. Shuka likitoka na doa, mikono inaniwaka moto, nilitupie tu kwenye rundo la safi? Kuna mgonjwa atalilalia, mwanangu."

Asubuhi Chiriku alimfuata mwalimu wa maktaba na kukiri. Mwalimu hakufoka. Alimsukumia kadi mpya. Chiriku aliandika mpaka kengele ikalia, akafuta, akaandika tena.

Alasiri alirudi kwa Taratibu. Safari hii aliingia.

"Nisamehe, kadi ile niliiandika mimi. Nilijua sura ile imo, na nilijua yaliyokupata. Nikanyamaza."

Taratibu alikivuta kitabu kutoka chini ya mto. "Nimekukasirikia," alisema. "Lakini siwezi kukirudisha kabla sijajua mwisho wake. Mwishoni yule mtoto anakuwaje?"

"Mama yake anamuaga. Mtoto halii tena."

"Basi nisomee hapo. Polepole."

Walisoma wakiwa wameegemea ukuta. Walipofika pale, Taratibu alilia, na Chiriku akalia. Kisha Taratibu akafuta uso na kumwuliza shangazi yake kama chakula kimebaki.

Jumatatu dawati lilikuwa na watu wawili. Mwalimu wa maktaba alisimama mbele ya darasa na kusoma kadi mpya: "Mwanzo unatisha vizuri. Katikati panachosha. Kuna mtoto aliyekufa; kama umefiwa, usisome peke yako. Sura hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Mwisho una haraka. Nakipenda na sikipendi."

Darasa likacheka. "Sasa, mwalimu," mmoja akauliza, "ni kizuri au kibaya?"

"Umesikia mwenyewe," mwalimu alijibu. "Kusema kweli si lazima kuwe kwa neno moja. Ukiwa na mawili moyoni, sema mawili. Na ukichoka, omba siku moja zaidi, nitakupa. Anayesoma maneno yako haoni uchovu wako. Anaona ulichoandika, na anakuamini." Akakiinua kitabu. "Haya, nani anakitaka?"

Mikono sita ilinyooshwa, mmoja ukisitasita.