Uso Ubavuni mwa Gari la Mikate

Jua lilikuwa linazama Mama Mikate alipotua ndoo ili aoshe gari ambalo majuzi tu lilikuwa lake. Sasa alikuwa kibarua wa gari lile lile. Dunia hii haina haya, jamani.

Lilikuwa gari la marehemu mumewe, mwoka mikate, na ubavuni lilibeba stika ya uso wake anacheka. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha mkewe kuitunza: sifongo laini, sabuni nyepesi, bomba la presha lisikaribie kingo, gari lilale kivulini. Matanga hayajapoa, shemeji, mdogo wa marehemu, akachukua funguo.

"Gari ni la ukoo," akasema. "Ila utaendelea kuliosha, shemeji. Mikono yako imezoea."

Shukrani ya punda ni mateke. Na mtu huyu alilelewa kwa mikate ya kaka yake!

Akamwita fundi stika abandike uso wake yeye. Fundi, mvivu wa kutupwa, wala hakubandua ule wa zamani. Alibandika juu kwa juu.

Mama Mikate akapitisha sifongo. Chini ya kidevu cha shemeji palikuwa na kiputo cha hewa. Hicho dawa yake ni sindano: unatoboa, hewa inatoka, unakanda kwa kidole gumba. Akachomoa sindano kwenye pindo la nguo yake.

Kiputo kikanywea. Hajakigusa.

Kikavimba tena... kikanywea...

Kilikuwa kinahema.

"Njaa hiyo," akajiambia. Akatoboa.

Fyuuu...

Hewa ya moto ikampiga usoni. Ilinuka hamira na dawa za hospitali, harufu ya mumewe siku zile za mwisho, kifua kilipombana na madaktari wasione kitu.

"Tunabanwa..." sauti ikatoka kiputoni.

Ndoo ikamponyoka. Ndani ya nyumba, shemeji akaanza kukohoa.

Hakupona tena kikohozi kile. Wiki zikapita, mwili ukamwisha, akabaki mifupa na macho. Jioni moja akajikongoja hadi uani, akashika mlango wa gari.

"Shemeji," akanong'ona, "ibandue. Nikiivuta mwenyewe, uso wangu unachanika." Shavuni alikuwa na mstari mbichi, mwekundu. "Wewe unajua kuipasha kwa maji moto, kuivuta taratibu. Nakusihi. Gari chukua."

Maji moto yalikuwepo jikoni. Kazi yenyewe si ya jioni nzima. Mama Mikate akamtazama, na uchungu wote alioumeza ukatoka.

"Uliponitoa kwenye gari la mume wangu, ulinivuta taratibu?"

Akakanda kingo za stika kwa kidole gumba, kote kote, zisije zikainuka. Kisha akaliingiza gari kivulini. Na aliona raha, tena raha kweli, Mungu amsamehe.

Wakamzika shemeji. Watu wazima wa ukoo wakaona aibu, wakakaa, wakaamua: gari arudishiwe mjane. Alilia mbele yao, akawabusu mikono. Angalau watoto wake wangekula.

Siku ya kukabidhiwa, giza likiingia, akalikuta gari uani. Fundi stika alikuwa amechuchumaa kando yake, anafuta jasho.

"Wamekufanyia heshima, mama. Ndiyo kwanza namaliza."

Ubavuni, uso wake mwenyewe ulikuwa unacheka.

Akainama kuangalia kingo. "Zile... zile za chini umezibandua?"

"Aa, hizo hazitoki. Zinashika kama ngozi. Hata mumeo nilimbandika juu ya mwenye gari wa kwanza, hukujua? Mumeo alilinunua kwa mjane wa huyo. Bei ya kutupa. Yule mama alikuwa na haraka ajabu."

Mama Mikate akataka kusema neno. Pumzi ikafika kifuani, ikagoma. Chini ya kidevu chake kilichochapishwa, kiputo kikavimba... kikanywea...

Akapiga magoti, akapapasa kingo kwa kucha, juu, chini, pembeni, hadi akapata kona iliyolegea. Akavuta. Kitu cha moto kikamtiririka shavuni, kikadondokea mkononi.

"Mama, unaharibu kazi!" fundi akamaka.

Akavuta tena.