Mzee wa Kijani

Kila akitoka shule, Kidoti alipitia studio ya mama yake, mpiga picha, akafuta vumbi kwenye fremu kisha akafanya kazi za shule. Siku hiyo kelele zilimpokea mlangoni.

"Mume wangu alikuwa mweusi tii! Huyu wa kijani mmemtoa wapi?"

Alikuwa bibi mmoja, mteja. Siku chache nyuma alileta picha ya marehemu mumewe, nyeusi na nyeupe, ikuzwe aitundike ukutani. Chini ya taa ya studio, nakala iliyokuzwa ilipendeza. Nyumbani, kwenye mwanga wa dirisha, mzee aligeuka kijani kama aliyeota ukungu.

Mama aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Bibi alipoondoka akilia, Mama alimgeukia Kidoti, macho yamemwiva.

"Nilipokutuma na mjomba wako mkanunue hii printa mpya, nilisema nini?"

"Tuchape picha nyeusi na nyeupe, niitazame juani."

"Ukaniambia?"

"Nimeitazama, iko safi."

"Uliitazama?"

Kidoti alikunja uso. Ukweli ni kwamba muuzaji aliwachapia picha ya kasuku, rangi zikawaka, naye alikuwa na haraka ya kuwahi mpira. "Muuzaji ndiye katudanganya kwa picha ya kasuku!" alifoka. "Na Mjomba alinihimiza!"

"Muuzaji alikuonyesha kasuku, na kasuku alikuwa mzuri. Mimi je, nani kanidanganya?"

Hasira ya Kidoti ilikosa pa kwenda. "Mimi, Mama."

Kesho yake walirudi dukani pamoja. Muuzaji alikuja juu: printa iliyokwisha kutiwa wino hairudishwi! Mama naye hakurudi nyuma hata hatua moja, mpaka muuzaji akakubali wabadilishe kwa kuongezea fedha kidogo. Safari hii walijaribu kila printa kwa picha ya yule mzee, na Kidoti alitoka na kila nakala hadi barabarani juani. Ya kwanza ilikuwa na ubuluu. Ya pili, mashavu yalikuwa mekundu.

"Mtoto huyu ananimalizia karatasi!" muuzaji alilalamika.

"Azimalize," Mama alijibu.

Printa ya tatu ilikuwa na wino mweusi na wa kijivu pia, si rangi tupu zilizochanganywa. Juani, koti la mzee lilikuwa jeusi kweli, na mvi zake zilihesabika.

Walikwenda pamoja kwa bibi, lakini Mama alimwamuru Kidoti aikabidhi picha mwenyewe na aseme kila kitu. Alisema. Bibi alipapasa shavu la mumewe pale kwenye karatasi.

"Ndiye," alinong'ona. Kisha akamkazia macho. "Ungesema kweli mapema, nisingelia jana."

Njiani kurudi, Mama alikuwa bado amenuna. "Kutojaribu kulikuwa uvivu tu," alisema hatimaye, "ningekugombeza yakaisha. Lakini uliposema umetazama, mimi niliacha kutazama. Mtu akikuamini, anakuachia macho yako yaone kwa niaba yake. Ukimdanganya, umempofusha."

Kidoti aliinamisha kichwa. Mama akamshika mkono, wakavuka barabara.