Nyonga ya Nne

Mashine ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, lakini hesabu ya hatua iliendelea kupanda.

"Umechomoa waya?" Profesa Hendarto aliuliza.

"Nimechomoa, Profesa. Huu hapa mkononi."

Ningrum alikuwa fundi wa maabara ya viungo bandia katika mji wa Solo, Indonesia. Kazi yake ilikuwa kuzitembeza nyonga bandia kwenye mashine, zikiwa zimelowa majimaji ya damu ya ndama yenye joto la mwili, ili ijulikane ipi itadumu. Hatua milioni moja ni mwaka wa mtu. Kauri juu ya kauri karibu haikulika kabisa; kauri juu ya plastiki ililika kidogo mno. Chuma juu ya plastiki, zaidi. Ya nne, chuma juu ya chuma, haikuwa mpya. Ilitolewa mwilini mwa Bu Sarinten, mama muuza batiki, akafariki wiki mbili baada ya upasuaji huo wa kuitoa. Profesa alitaka kujua ingebakiza miaka mingapi.

Majimaji ya nyonga hiyo yalikuwa meusi kama wino. Yalinuka mfupa uliochomwa.

"Ni vumbi la chuma tu," Profesa alisema. "Likiingia mwilini, mfupa unalika. Ndiyo maana tunapima."

Adhuhuri ile mvua ilianza, na Ningrum akasikia kutafuna, taratibu, kama mtu mwenye njaa asiyetaka kusikika, na kila alipoinama kusikiliza sauti ilihamia nyuma yake, mpaka akajikuta amejibana ukutani huku zile nyonga tatu zimetulia na ya nne peke yake inapiga hatua, inapiga hatua, inapiga hatua.

"Namwita Kyai Muhsan, shehe wa mtaani kwetu," alisema.

"Chuo kizima kitatucheka, binti!"

"Wacha wacheke."

Kyai alifika na ndoo ya maji ya chumvi. Alinusa chumba, akanong'ona, "Majini chakula chao mifupa. Mmekilisha nini kiumbe hiki humu?"

Kabla Ningrum hajajibu, Profesa alifungua kinywa, ikatoka sauti ya mwanamke mzee.

"Mama yule alinibeba miaka tisa. Chuma kilisagika, mfupa ukalainika, nikala. Wakanitoa. Nyinyi mkanipa damu ya moto, mkanitembeza. Lakini hapa hapana mfupa. Nina njaa."

"Toka," Kyai alisema.

"Natoka."

Kyai alisoma, akamwaga maji. Weusi ule ukachuruzika sakafuni ukapotea kwenye mfereji. Mashine ikatulia. Profesa akaanguka kwenye kiti, analia bila kujua kwa nini.

"Kimetoka?" Ningrum aliuliza.

"Kimetoka. Ila kimekubali upesi mno, mwanangu. Jini mwenye njaa haondoki hivi hivi. Nyumbani kwako kuna mgonjwa wa mifupa?"

Mama yake Ningrum, Bu Lasmi, alikuwa kitandani kwa mwezi wa pili sasa, nyonga imeoza, akisubiri upasuaji Alhamisi. Ningrum alichukua simu akapiga nyumbani. Ikapokelewa upesi.

"Ningrum! Nimeinuka!" Mama alikuwa anahema. "Maumivu yameisha kabisa, mwanangu, natembea bila fimbo!"

"Mama, kaa chini. Tafadhali."

Upande wa pili zilisikika hatua kwenye vigae, sawasawa, bila kupumzika.

"Nazunguka nyumba tangu nilipoinuka," Mama alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Niambie, Ningrum. Miguu haikomi. Nasimamaje?"