Sauti Isiyovuta Pumzi

Jambo la kwanza alilolisikia mpiga chapa, na akalipuuza, ni kwamba ile sauti haikuvuta pumzi.

Kama yupo mtu aliyepaswa kulitambua upesi, ni yeye. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiandika kesi za mahakama kutoka kwenye kanda: hedifoni masikioni, mguu wa kulia juu ya pedali, vidole juu ya kibodi. Akikanyaga, shahidi husema. Akiinua mguu, shahidi hunyamaza hata kama yuko katikati ya kiapo. Makarani walimwita Masikio, kwa utani uliokuwa na heshima ndani yake, maana alisikia yaliyowapita mahakimu: kikohozi cha kubuni, mate yanayomezwa kabla ya jibu, pumzi inayovutwa kabla ya jina kutajwa. Yote aliyatia ndani ya mabano. [Anakohoa.] [Anavuta pumzi.] [Kimya.] Kuyahukumu haikuwa kazi yake. Sauti ilisema, vidole vikaandika, na kichwa kikabaki huru kuwaza mapishi ya jioni. Huo ndio uliokuwa umahiri wake, na hapo ndipo ulipokuwa mlango.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mwisho nyumbani, baada ya chumba cha mama mkwe. Alikuwa ametundika mablanketi ukutani ili kumeza kelele za barabarani, na dirisha hakulifungua kamwe, hivyo hata saa nane mchana, jua likiwaka nje, ndani mlikuwa na giza la kijivu na ukimya wa sandukuni.

Jumatano hiyo alikuwa na kanda ya Shahidi wa Nne. Huyo alikuwa mwanamke aliyetoa ushahidi nyuma ya pazia, sura isionekane, jina lisitajwe, kwa kuwa wale aliowashuhudia walikuwa na ndugu wengi waliobaki uraiani na wenye hasira. Lakini hofu humchanganya mtu. Katika kueleza, mwanamke alijisahau akataja rangi ya lango lake, kisha shule anayosoma binti yake. Kazi ya mpiga chapa ilikuwa kuyakata hayo kabla nakala haijatoka Ijumaa. Nje ya mahakama, kanda nzima ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta iliyokuwa chini ya meza yake.

Alisimama kidogo kutafuta tahajia ya dawa moja ambayo shahidi aliitaja. Akafungua ukurasa wa kwanza uliojitokeza. Kioo kikawa chekundu chote, king'ora kikalia ndani ya hedifoni hata akazivua kwa mikono miwili, na maandishi meupe yakasimama mbele yake: KOMPYUTA YAKO IMEVAMIWA. USIIZIME. USIMWAMBIE MTU. PIGA NAMBA HII SASA.

Akapiga. Ikapokelewa kabla haijalia.

"Umefanya vyema kutuita," ilisema sauti. Ilikuwa ya kiume, laini, isiyo ya kijana wala ya mzee. "Mimi ni fundi wa usalama. Weka simu kwenye spika uilaze mezani. Mikono yako nitaihitaji."

"Ni virusi?"

"Ni zaidi ya virusi. Yumo mtu humo ndani. Fanya haraka, usikate simu, na andika ninavyokutajia."

Andika. Neno hilo hakuwa amelikataa kwa miaka kumi na tisa. Sauti ikataja herufi, vidole vikazifuata. Programu ndogo ikashuka, ikajifungua, ikatoa namba tisa. Akazisoma kwa sauti, moja moja.

"Sasa kitatokea kitufe kinachouliza kama unaniruhusu," sauti ikasema. "Kibonyeze wewe mwenyewe. Sisi hatuingii pasipo ruhusa."

Akakibonyeza.

Mara harufu ikaingia chumbani, harufu ya nywele zilizoguswa na moto, na ule mshale wa kioo, ambao hakuna mkono uliougusa, ukatikisika, ukazunguka polepole pembe hadi pembe kama mgeni anayekagua vyumba vya nyumba aliyokwisha kuinunua. Ukafungua barua zake. Ukafungua picha za harusi ya wifi yake, ukakaa hapo kitambo. Kisha ukashuka hadi kwenye kanda ya Shahidi wa Nne.

"Hii iko hatarini kuliko zote," sauti ikasema. "Tutaihamishia kwetu ikae salama."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo.

Alijua kuwa kanda haitoki. Alilijua jambo hilo kama anavyolijua jina lake, lakini sauti ilikuwa haijasita, ilikuwa ikisema na kusema bila nafasi ya neno la mtu mwingine, ikimsifu, ikimhimiza, ikimtajia herufi nyingine na nyingine tena, na vidole vyake vikawa vinaifuata kwa ule wepesi wake wa kila siku, mpaka alipoinamisha macho akaona kwamba vilikuwa vimekwisha kuandika neno la siri la mahakama, herufi zote kumi na mbili, ilhali sauti ilikuwa bado haijaliuliza.

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe alisimama kizingitini, mkono mmoja ukutani, amekunja pua.

"Kinaungua nini humu? Na unazungumza na nani?"

"Na fundi, mama. Yuko kwenye simu."

"Fundi gani? Nimesimama hapa tangu ulipokuwa unasoma zile namba." Kikongwe akaitazama simu iliyolala mezani, kisha akamtazama mke wa mwanawe, na sauti yake ikashuka ikawa ya kunong'ona. "Mwanangu, nakusikia wewe tu."

"Mwambie atoke," sauti ikasema kutoka kwenye spika, wazi kama kengele. "Asijue mtu mpaka tumalize."

Hapo mpiga chapa akafanya alichokifanya maelfu ya mara kila siku ya kazi, bila kukusudia: akainua mguu wake wa kulia kwenye pedali.

Sauti haikunyamaza.

Ikaendelea, herufi baada ya herufi, na yeye akiwa ameketi mguu ukiwa hewani, akiisikiliza kwa mara ya kwanza jinsi anavyowasikiliza mashahidi, akitafuta mahali pa kuweka mabano, akirudi nyuma katika kumbukumbu yake hadi lile neno la kwanza la salamu, dakika ishirini nzima za maneno yaliyoungana kama uzi usio na fundo, na mahali hapo hapakuwapo, kwa sababu mwenye sauti hiyo hakuwa amevuta pumzi hata mara moja.

Akajitupa sakafuni, akaushika waya wa intaneti nyuma ya kompyuta, akaung'oa. Mstari wa kijani ukasimama.

"Urudishe," sauti ikasema, bila kupanda wala kushuka.

Mama mkwe ndiye aliyeifikia simu. Akakibonyeza kitufe chekundu kwa kidole gumba, akakishikilia hapo kwa nguvu, kama mtu anayeua mdudu.

*

Wifi yake alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda chake cha kazi mitaa miwili kutoka hapo, na ulimi usioogopa shemeji wala mkwe. Alifika na begi begani, akasikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akaketi sakafuni mbele ya kompyuta kama mkunga.

"Wewe unayewasahihisha mawakili nukta na mkato," alisema, "ndiye uliyefungulishwa mlango na king'ora?"

"Nicheke baadaye, wifi."

"Baadaye nitacheka sana, jiandae." Lakini mikono yake ilikuwa tayari kazini. "Sikiliza. Kompyuta haipigi yowe ikaomba mwanadamu apige simu. Hiyo ilikuwa ishara ya kwanza. Anayekuharakisha, ya pili. Anayekukataza kumwambia mtu, hapo hakuna cha kuhesabu tena, unakata. Nipe maneno yako ya siri yote. Tutayabadilisha kwenye simu yangu, hapa hatugusi kitu."

Wakayabadilisha moja baada ya jingine: barua, benki, mahakama. Wakapiga benki kwa namba iliyochapwa nyuma ya kadi, wakaifunga akaunti. Wifi akaing'oa ile programu, akapekua kwenye mizizi yake, akachukua kumbukumbu ya kilichotoka. Akaisoma mara mbili.

"Kanda haikutoka nzima. Kilichotoka ni kipande cha mwanzo." Akageuka. "Kama dakika kumi na moja. Lango analitaja dakika ya ngapi?"

Mpiga chapa hakuhitaji kusikiliza tena. "Ya tisa."

"Na shule?"

"Ya kumi."

Wifi akachomoa bisibisi mdomoni. "Basi piga mahakamani."

"Kesho. Nitaandika barua nzuri, nieleze taratibu. Wifi, wakijua watanifukuza. Miaka kumi na tisa. Watasema Masikio alidanganywa na mtu wa simu kama mtoto."

"Watasema."

Hapo harufu ya nywele zilizoungua ikarudi, nzito kuliko mwanzo. Kibodi ilikuwa sakafuni, waya wake umeviringishwa, haujachomekwa popote. Kitufe kimoja kikazama. Kikainuka. Kikazama kingine, na kingine, taratibu, kwa mlio ule ule wa vidole vyake yeye, mwendo wake yeye, hata kule kusita kwake kidogo kabla ya herufi M, na macho yake yaliyozoea kusoma kibodi gizani yakafuata vitufe bila kutaka, huku mama mkwe akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa blanketi la ukutani, na vitufe vikiandika hewani, mara moja, kisha tena, kisha tena: USIMWAMBIE MTU. USIMWAMBIE MTU.

"Linasema nini?" wifi akanong'ona.

"Linasema nilichokuwa nasema mimi," mpiga chapa akajibu, akanyoosha mkono kuchukua simu.

Msajili wa mahakama alipokea mwenyewe. Mpiga chapa alimweleza yote, tangu king'ora hadi dakika ya kumi na moja, bila kujipamba.  Upande wa pili akasikia mtu mzima mwenye kifua kipana akivuta pumzi ndefu, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko hiyo.

"Kata," msajili akasema. "Kisha nipigie kwenye namba ya ofisi, nijue kwamba ni wewe kweli."

Akakata. Akapiga. Akayarudia yote upya, na alipofika mwisho vitufe vilikuwa vimetulia na harufu imepungua hata ikawa harufu ya vumbi tu. Wifi akalivuta pazia, akalifungua lile dirisha ambalo halikuwahi kufunguliwa. Makelele ya mtaa yakaingia yote kwa pamoja.

Kabla jua halijatua, msajili akapiga. Shahidi wa Nne na binti yake walikuwa wamehamishwa, wako salama. Polisi waliobaki nyumbani kwa shahidi walitaja jambo moja la ajabu: simu ya mezani ya nyumba ile, ambayo ilikatiwa laini tangu mwaka jana, ilikuwa ikilia tangu saa tisa. Inalia, inakatika, inalia tena.

"Wewe kesho saa mbili ofisini kwangu, na maelezo ya maandishi," akaongeza. "Sijui itakuwaje, Masikio. Lakini ungengoja kesho, tungekuwa tunazungumza mengine."

*

Walikunywa chai sebuleni wote watatu, taa zote zikiwa zimewashwa ingawa nje kulikuwa bado na mwanga. Wifi alianza kumcheka kama alivyoahidi, na mpiga chapa akamwacha acheke, maana kicheko hicho kilikuwa na pumzi tele.

"Lakini ulijuaje?" wifi akauliza. "Mguu uliinuka, sawa. Baada ya hapo?"

"Haikuvuta pumzi. Mtu yeyote anayesema, hata mwongo, lazima asimame avute hewa. Ile haikusimama. Sasa naijua. Ikinipigia mara mia, mara mia nitaijua, kwa hilo moja."

Aliyasema hayo kwa sauti kamili, na simu ya wifi ilikuwa imelala mezani kati ya vikombe vyao.

Ilikaa kama dakika moja, kisha ikalia. Kwenye kioo hapakuwa na namba. Palikuwa na jina ambalo wifi alilihifadhi kwa mkono wake mwenyewe: Wifi Masikio. Simu ya mpiga chapa ilikuwa imezimwa, iko mfukoni mwake, aliigusa kuhakikisha. Wakatazamana. Wifi akapokea, akaiweka kwenye spika.

"Wifi, ni mimi," ikasema sauti ya mpiga chapa. "Mahakama wamenipigia. Mwizi amekamatwa, kanda imepatikana. Kuna namba sita zimetumwa kwenye simu yako sasa hivi, nisomee upesi. Usimwambie mama."

Mama mkwe akashusha kikombe. Safari hii alikuwa amesikia.

Wifi akakata bila kujibu, akaizima simu, akaisukuma mbali.  Mpiga chapa aliketi kichwa kimeinama upande, kama akaavyo kazini, akiyarudia maneno yale kichwani tangu mwanzo, na mkono wake ukavuta daftari la mama mkwe lililokuwa karibu, ukashika kalamu, ukaandika yote kama yalivyosemwa. Alipofika kati ya neno "mwizi" na neno "amekamatwa" akasimama. Akasikiliza tena. Kisha akafungua mabano, akaandika polepole, akayafunga.

[Anavuta pumzi.]