Goti la Asli na Kijana Asiyetoa Dawa

Mimi Bishara simwamini mtu upesi. Mtu akinunua maziwa yangu bila kulalamikia bei, naanza kumtilia shaka.

Nauza maziwa sokoni Garsen. Binti yangu Asli hukimbia kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Zilikuwa zimebaki wiki kumi kabla ya mashindano ya mbio ya Hola, na watatu wa kwanza wangeingia timu ya kaunti. Asli aliitamani nafasi hiyo mno. Basi kutoka kilomita tano akarukia kumi na mbili, juu ya lami, kwa viatu vilivyolika soli.

Baada ya wiki moja goti likaanza kuuma. Akichuchumaa kukamua, anakunja uso. Nikasema hili ni jicho la mtu. Nilimshuku jirani aliyemsifu bila kusema mashallah. Mume wangu Hirbo alitaka kulichoma goti kwa chuma cha moto, kama tunavyomchoma ng'ombe anayechechemea. Asli akakataa, akaenda hospitali peke yake.

Alirudi bila hata kidonge. Alisema mtaalamu wa viungo, kijana aitwaye Tahir, amempa mazoezi na amemwambia arudi kila Jumanne. Kijana hana dawa, na anamtaka binti yangu kila Jumanne? Thubutu! Jumanne iliyofuata niliketi katikati yao.

Tahir hakuudhika. Alilibonyeza goti, akauliza kama limevimba, linakwama, au linashindwa kubeba uzito wake. Asli akajibu hapana. Tahir akasema angejibu ndiyo, angempeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

"Mbona humdungi sindano?" nikamuuliza.

"Mama, ng'ombe aliyedhoofishwa na kiangazi, mnamswaga hadi malisho ya mbali siku ya kwanza?"

"Hatuna wazimu. Tunamzoesha kidogo kidogo."

"Na goti ni hivyo. Limebebeshwa mzigo ghafla, na misuli ya paja na nyonga haijawa tayari. Mkilichoma kwa chuma, kama Asli alivyoniambia mnataka, mtaongeza kidonda tu."



Asli hakuacha mbio, alizipunguza. Alikimbia kwenye udongo, siku moja mbio, siku moja mapumziko. Maumivu yakizidi, anatembea. Jioni aliketi na kuinuka kwenye kigoda polepole, mara kumi na tano, kisha anarudia. Tukamnunulia viatu vya mtumba vyenye soli nzima. Wiki ya pili goti bado liliuma, nikajua tumedanganywa. Tahir akasema misuli haijengwi kwa siku tatu. Wiki ya tano Asli alichuchumaa kukamua, uso wake umetulia. Nililia, wala sioni haya kusema.

Alipopona ndipo akaongeza kilomita, moja moja. Huko Hola alishika nafasi ya tatu. Kesho yake nililipapasa goti akiwa bado amelala. Halikuwa limevimba.

Sasa wanawake wa sokoni wananizingira wakitaka jina la dawa. Nawaambia ni kupunguza mbio, na kuketi na kuinuka. Wanatazamana. Wanasema Bishara ana sindano anayoificha, na hakuna anayeniamini.