Mtoto wa Ruffin

Siku ya treni, soko la karibu na stesheni ya Kamina halina pa kuweka mguu. Na ndiyo siku aliyopita Ruffin hapo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, akajikwaa kwenye meza ya Masengo, fundi wa simu. Bisibisi zote chini.

"Monsieur, macho yako iko wapi?"

"Ilikuwa kwa weye," alijibu Ruffin, akashangaa amepata wapi ujasiri huo.

Masengo, kitenge cha manjano na hereni kubwa, alicheka. Ruffin akatoa vidude viwili vya duara, vimeunganishwa kwa waya. Zamani vilitetemeka kwa zamu, kushoto, kulia. Sasa cha kushoto kimekufa.

"Hii ni ya kufanya nini?"

Hapo ndipo alipojiharibia. Ruffin ni dereva wa treni, kama baba yake na babu yake, na tangu mabehewa yalipoanguka mbele ya macho yake hawezi hata kugusa ngazi ya treni. Mtoto wa reli atamwambia nani jambo kama hilo?

"Ya mutoto," alidanganya. "Inamubembeleza, analala."

"Mutoto ya nani?"

"Ya kwetu."

Masengo alitengeneza waya. Kesho yake Ruffin akarudi na redio isiyo na hitilafu yoyote, keshokutwa na saa ya ukutani. Wiki ya pili wakawa wanapigiana simu.

"Chérie, sikule kitu. Niko nakuwaza tu."

"Basi utakufa na njaa. Minyi niko nakula bukari na samaki!"

Miezi mitatu ilipita kwa raha. Kisha mama yake Masengo, muuza samaki wa Bukama, akataka kumwona huyo kijana. Ruffin aliahidi. Jumamosi Masengo alisimama stesheni, nywele zimesukwa upya, treni inapiga honi. Simu ikalia.

"Chérie, siwezi kuya. Mutoto... amekosa usingizi."

Masengo aliliona jambo lote mara moja: mtoto asiyelala ana mama. Alilia njia nzima hadi Bukama, akamdanganya mama yake kwamba Ruffin anaumwa. Aliporudi hakupokea simu yake wiki nzima. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akaenda nyumbani kwa Ruffin kumwona huyo mtoto kwa macho yake.

Ruffin alifungua mlango akiwa na vile vidude viganjani. Mezani simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kwenye kioo cha simu nukta ya kijani inatembea kushoto, kulia, na pembeni yake mwanamke wa miwani.

"Mutoto iko wapi? Na mama yake njo huyu?"

Ruffin aliinamisha kichwa. "Masengo, mutoto njo minyi."

Akamwambia yote. Huyo ni Madame Ève, mwanasaikolojia. Mara ya kwanza alikuja Kamina mwenyewe na taa inayotembea. Sasa anamtibu kwa simu kutoka Lubumbashi. Ruffin anaikumbuka ajali, macho yanafuata nukta, vile vidude vinatetemeka mikononi kwa zamu, na ile siku inapungua nguvu kidogo kidogo.

"Wiki nzima niko nachukia mutoto mwenye haiko!" Masengo alicheka hadi akaanza kulia, na safari hii alilia kwa mapenzi.

"Ruffin," alisema Madame Ève kwa upole, "tuendelee, ao tuache leo?"

"Muendelee," alijibu Masengo. "Nitamungojea inje."

Alingoja saa nzima juani.

Baada ya wiki sita walisimama stesheni pamoja. Kwenye ngazi, mguu wa Ruffin ulikataa.

"Machine yako ya kutetemeka iko wapi?" aliuliza Masengo.

"Niliiacha ku nyumba. Nilitaka kuya muzima."

Masengo alimshika mikono yote miwili. Akabana wa kushoto, kisha wa kulia, kushoto, kulia, polepole. Ruffin akapumua.

"Chérie, utafanya vile mpaka Bukama?"

"Unaomba Bukama tu?"

"Hapana. Naomba mpaka tuzeeke. Unioe... aa, nikuoe!"

Abiria waliosikia wakashangilia. Treni ikapiga honi.

"Panda kwanza, mutoto wangu," alisema Masengo. "Jibu nitakupa mbele ya Mama."

Ruffin akapanda.