Sponji Iliyochemshwa

Lifti ya jengo lile hubeba watu wanane, lakini saa mbili asubuhi hubeba kumi na wawili pamoja na hasira zao. Siku hiyo alikuwamo msichana mwenye ovaroli ya kijani iliyokunjwa hadi magotini na kilemba cha njano, amekumbatia mfuko wa plastiki wenye maji na samaki sita wadogo, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni. Aliuza samaki wa mapambo na mimea ya majini, na jengo zima lilimwita Binti Samaki. Jina hakulipenda, ila alishachoka kulikataa.

Ghorofa ya pili, mama mmoja aligeuka na ncha ya mwavuli wake ikatoboa mfuko.

"Jamani, maji!" mtu akapiga kelele.

"Si maji tu, humu mna roho sita!" msichana akaja juu. "Nani ana chombo?"

Kijana aliyebanwa pembeni, sare yake ya buluu imenyooka kwa pasi, alifungua boksi alilobeba, akatoa glavu na kuipanua mdomo.

"Mimina humu."

"Ina unga?"

"Haina."

Samaki wakamaliza safari ndani ya vidole vya glavu.

"Unashuka wapi?" kijana akauliza.

"Kliniki ya meno. Naenda kuwaweka hawa tangini."

"Hata mimi. Leo naanza kazi pale."

"Basi Bwana Glavu, tembea polepole. Na usiwatikise."

Kazi ya kijana ilikuwa kusafisha vifaa vya daktari na kuvichemsha kwa mvuke, na alikuwa msafi hadi kero. Binti Samaki alimwonyesha tangi la kioo la chumba cha kusubiria, lenye mimea iliyokuwa ikikua humo wiki tano bila samaki hata mmoja.

"Wiki tano maji matupu? Ulikuwa unasubiri nini?"

"Yaive. Ukitia samaki kwenye maji mapya unawazika. Na leo ni sita tu. Wengine wiki ijayo, wengine baadaye."

"Una subira."

"Sina subira hata kidogo. Najua kazi yangu."

Hapo ndipo kijana alipozama kabisa kwenye mapenzi, kabla hata hajaanza vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo. Duka la msichana, chumba kimoja cha ghorofa ya chini, lilikuwa mali ya baba yake mkubwa, mzee mwenye ofisi ya bima aliyemlea tangu utotoni na ambaye hakuelewa biashara ya samaki wasioliwa. Walikubaliana hivi: daktari wa meno alikuwa na kliniki nyingine nne. Kama tangi la kwanza lingefika siku tisini likiwa na samaki wake hai, daktari angempa kazi ya kliniki zote, na chumba kingebaki kwake. Likifa, angerudisha ufunguo na kwenda kukaa kwenye meza ya bima.

"Samaki mkunje angali mbichi," mzee alisema. "Nimechelewa kukukunja wewe."

"Umechelewa sana, baba mkubwa."

Wiki zikapita, simu zikawa ndefu.

"Umewalisha?"

"Nimewalisha, mheshimiwa. Kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, kama ulivyoamuru."

"Na taa?"

"Imewaka kwa muda wa saa nane, nimezima. Na mimi nitalishwa lini?"

"Wewe nitakulisha bila kutazama saa."

Samaki walifika arobaini, na mimea ikaota majani mapana. Kila Ijumaa walibadilisha robo ya maji pamoja, kwa maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha ili dawa yake itoke. Walishikana mikono ndani ya ndoo. Msinicheke, mapenzi hayachagui chombo.

Siku ya sabini na nne Binti Samaki alisafiri kwenda kuchukua mimea. Bwana Glavu akaona amshtukize kwa zawadi. Alifungua chujio la tangi, akakuta sponji imekuwa kahawia, inateleza, inanuka udongo. Kwa mtu wa kazi yake hilo lilikuwa tusi. Akaitia kwenye mashine ya mvuke pamoja na koleo za meno, ikatoka nyeupe. Akasugua mawe kwa brashi. Mimea akaipunguza hadi visiki, kama mtu anayekata kucha.

Siku ya tatu baada ya hapo samaki walikuwa juu ya maji, wanatweta. Ya nne wakafa.

Msichana alirudi mbio, mfuko bado begani. Karani wa mapokezi akamnong'oneza kwamba juzi baba yake mkubwa alikuja kung'olewa jino, na kwamba yeye na Bwana Glavu walisimama mbele ya tangi wakicheka.

"Umefanya nini hapa?" akamuuliza kijana.

"Nilikuchemshia sponji," kijana akasema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa chafu, mpenzi."

"Ulichemsha?"

"Nyuzi mia na ishirini na moja. Dakika ishirini."

Angemwambia jambo lingine lolote angemsamehe. Kwake yeye, hakuna mtu aliyekaa na tangi miezi miwili akafanya ujinga wa namna hiyo bila kutumwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mlikuwa mnacheka nini na baba mkubwa? Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu! Alinitania tu kuhusu meno yake!"

"Usinipigie tena."

Akapiga mara thelathini, hakupokelewa. Mwishowe alikwenda dukani saa sita mchana, akasimama mlangoni mbele ya wateja.

"Sitaki msamaha. Nieleze nimewaua vipi, nisije nikaua tena."

Msichana alimweleza kwa hasira, neno baada ya neno. Ile kahawia ndiyo iliyokuwa uhai wa tangi. Vijidudu vyema vinaishi kwenye sponji na mawe, vinakula sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki. Sponji hukamuliwa tu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi. Na mimea ingesaidia kunyonya sumu, kama ingeachiwa majani.

Kijana alisikiliza hadi mwisho, akaondoka bila kujitetea.

Siku ya tisini chumba cha kusubiria kilijaa wagonjwa. Tangini mlikuwa na mimea mipya na sponji nyingine, ya kahawia, iliyotoka kwenye tangi la zamani la dukani. Samaki hawakuwamo. Msichana alipima maji kwa dawa kwenye kichupa, rangi ikakataa. Sumu bado ipo.

Daktari alimvuta kando. "Binti, lete samaki arobaini sasa hivi. Wakae leo tu, mzee wako aone. Kesho tutajua la kufanya."

Lilikuwa jambo rahisi. Samaki walikuwa dukani, ghorofa tano chini. Moyo wake ulitaka, nisiwadanganye.

"Daktari, wote watakufa."

"Lakini chumba chako?"

"Siui arobaini wengine ili nipate chumba. Nipe siku kumi, au tafuta mtu mwingine."

Baba mkubwa akaingia, shavu limevimba tena kwa jino jingine. Akalitazama tangi.

"Tupu. Na yule kijana wako alikuja ofisini mara mbili. Kwanza kukiri kwamba yeye ndiye mwuaji, tena kuniomba nikuongezee muda. Nimemfukuza mara zote."

Bwana Glavu alikuwa mlangoni, trei mkononi, uso umemwiva. Msichana akajua hakuna aliyemtuma. Kisha akachomoa ufunguo wa duka mfukoni na kumwekea mzee kiganjani.

"Chukua chumba, baba mkubwa. Bima siji."

"Utauzia wapi? Barabarani?"

"Liwalo na liwe. Kazi ni yangu."

Akamgeukia kijana mbele ya wagonjwa wote.

"Kwako kuna ukuta mtupu?"

"Upo, sebuleni. Lakini majirani watasema."

"Nioe, wakose la kusema."

Trei ikalia. "Unanichumbia wewe?"

"Kwani vibaya? Niliwahi kukosea kuhusu wewe, sasa narekebisha. Sharti moja: usichemshe kitu bila kuniuliza."

"Na chai?"

"Chai chemsha."

"Basi nimekubali," akasema, na sauti ikamtoka vibaya kwa furaha.

"Siku kumi," daktari akasema kutoka nyuma. "Nitasubiri."

Mchana ule ule walianza kuhamishia matangi ya dukani kwa kijana, wakabeba moja, msichana mbele, kijana nyuma, maji yakiwachuruzikia miguuni. Baba mkubwa alikuwa amesimama katikati ya mlango wa jengo, mikono kiunoni.

"Shikamoo, baba mkubwa," msichana akasema bila kupunguza mwendo.

"Marahaba," mzee akaitikia, akasogea kuwapisha kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.